Sindano ya Kuzuia Damu Kuganda: Namna ya Kuidunga Nyumbani kwa Maumivu Machache

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kijana aliyevunjika mfupa wa paja katika ajali ya bodaboda, na mzee aliyevimba mguu mmoja kwa sababu ya bonge la damu wana shida tatu tofauti. Hata hivyo, wote watatu wanaweza kutoka hospitalini, iwe ni Kitui, Mwingi, Wote au Makindu, wakiwa na dawa ya aina moja mkononi: vibomba vidogo vya sindano vilivyojazwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Wanatakiwa kuendelea kudungwa nyumbani kila siku, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa.

Siku za kwanza mara nyingi hupita vizuri. Baadaye madoa ya zambarau huanza kutokea tumboni, pale sindano ilipoingia. Ngozi inauma ikiguswa. Jirani akiyaona anasema dawa hiyo inaharibu damu. Mgonjwa anaruka siku moja, kisha siku ya pili, na mwishowe pakiti inabaki kabatini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Madoa hayo kwa kawaida si ugonjwa, na hufifia yenyewe. Bonge la damu ambalo dawa ilikuwa ikilizuia ndilo linaloweza kuua. Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya maumivu na madoa hayo hutokana na namna sindano inavyodungwa, na namna hiyo inaweza kurekebishwa na mtu yeyote aliyeonyeshwa vizuri.

Dawa hii hufanya nini mwilini

Dawa inayotolewa zaidi kwa njia hii ni enoksaparini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Clexane. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni ya jamii ya heparini, dawa iliyoanza kugunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani.

Watu wengi huiita dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Ukweli ni kwamba damu haiongezewi maji wala haibadiliki uzito. Dawa huipa nguvu protini iliyomo tayari mwilini, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande mahali isipotakiwa. Ikiwa bonge limeshatokea, dawa haliyeyushi. Hulizuia lisikue, nao mwili hupata nafasi ya kulimaliza polepole.

Damu huelekea kuganda mtu anapolala kitandani kwa muda mrefu, baada ya upasuaji, baada ya kuvunjika mfupa wa mguu au nyonga, wakati wa ujauzito na katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua. Bonge mara nyingi huanzia kwenye mishipa mikubwa ya mguu. Likikatika, husafiri na damu hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri anaweza kukosa pumzi ghafla na kufariki kabla ya kufikishwa hospitalini.

Kwa nini ngozi huvilia damu

Chini ya ngozi ya tumbo kuna mafuta, na ndani ya mafuta hayo kuna mishipa midogo sana ya damu. Sindano ikipita, baadhi ya mishipa hiyo hutoboka. Kwa mtu asiyetumia dawa hii, damu huganda upesi na tundu huziba. Kwa anayeitumia, damu huchelewa kuganda, kwa hiyo kiasi kidogo huvuja na kutanda chini ya ngozi. Hilo ndilo doa la zambarau linaloonekana. Baada ya siku chache hugeuka kijani kibichi au manjano, kisha hupotea.

Kwa hiyo doa dogo ni ishara kwamba dawa inafanya kazi yake. Haliwezi kuepukwa kila mara. Lakini doa huwa kubwa zaidi pale sindano inapotikiswa ikiwa ndani, dawa inaposukumwa kwa haraka, mahali palepale panapodungwa kila siku, au ngozi inaposuguliwa baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha uikaushe kwa kitambaa safi.

2. Keti ukiwa umeegemea nyuma, au lala chali, mahali penye mwanga wa kutosha. Ukisimama au ukiketi wima, misuli ya tumbo hukaza na maumivu huongezeka.

3. Chagua mahali. Panapofaa ni upande wa kulia au wa kushoto wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni. Hiyo ni kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Sogea kuelekea ubavuni, ambako mafuta ni mengi. Epuka kovu, jeraha la upasuaji, doa lililovilia damu na mahali mkanda au fundo la leso hukaza.

4. Badilisha upande kila mara. Kama leo ni kulia, kesho ni kushoto. Ni vyema kuandika kwenye kalenda au daftari saa na upande uliodungwa. Daftari hilo pia litamsaidia muuguzi siku ya kurudi kliniki.

5. Safisha ngozi kwa pamba yenye spiriti, kisha ngoja ikauke kabisa. Spiriti ikiingia na sindano huwasha.

6. Vua kifuniko cha sindano kwa kukivuta moja kwa moja, bila kukizungusha. Sindano isiguse kitu chochote. Tone la dawa likiwa limening'inia kwenye ncha, elekeza sindano chini na ugongegonge bomba taratibu hadi lidondoke. Dawa ikigusa ngozi ya juu huongeza alama.

7. Usitoe kiputo kidogo cha hewa kilichomo. Katika sindano hii hakina madhara, na mtu akijaribu kukitoa hupoteza sehemu ya dawa. Ni wale tu walioagizwa kudunga sehemu ya dawa iliyomo ndio hupunguza, na hufanya hivyo kwa namna waliyoonyeshwa na muuguzi.

8. Bana ngozi taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada ili upate mkunjo wa nyama laini. Usiufinye kwa nguvu, kwa kuwa vidole pia huweza kuacha alama. Mkunjo huo hushikwa mpaka mwisho.

9. Ingiza sindano yote, ikiwa imesimama wima kabisa juu ya mkunjo. Sindano hizi ni fupi na nyembamba, na zimetengenezwa ziingie hadi mwisho ili dawa ifike kwenye mafuta. Usivute kisukumio nyuma kutazama kama kuna damu. Kufanya hivyo huongeza kuvilia.

10. Sukuma dawa polepole, ukihesabu moja hadi 30 kwa mwendo wa mshale wa sekunde.

11. Dawa ikiisha, ngoja ukihesabu hadi 10, kisha toa sindano kwa kuivuta moja kwa moja kama ilivyoingia. Ndipo uachie mkunjo.

12. Usisugue wala kukanda. Kukiwa na tone la damu, bonyeza kwa pamba safi bila kusugua, kwa dakika moja au mbili.

Polepole ndio mwendo

Kati ya hatua zote hizo, ya kumi ndiyo inayosahaulika zaidi. Dawa yenyewe ni kidogo, chini ya nusu ya kijiko cha chai, na mtu mwenye hofu hutaka kuimaliza mara moja. Watafiti wa uuguzi katika nchi mbalimbali wamelinganisha wagonjwa waliodungwa dawa za jamii ya heparini kwa sekunde 10 na waliodungwa kwa sekunde 30. Tafiti hizo ni ndogo na ushahidi wake haujawa mkubwa, lakini matokeo yanaelekea upande mmoja: mwendo wa polepole unaweza kupunguza maumivu na ukubwa wa madoa.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Dawa inayoingia kwa kishindo husukuma na kutanua nyama iliyo chini ya ngozi kwa ghafla, na mishipa midogo huumia. Ikiingia taratibu, nyama hupata nafasi ya kuipokea. Sekunde 20 za ziada hazigharimu chochote.

Baadhi ya tafiti zimeonyesha pia kwamba ubaridi hupunguza uchungu. Anayetaka kujaribu anaweza kuuliza muuguzi wake kwanza, kisha kuweka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi kwa dakika chache kabla ya kudunga. Ngozi ikaushwe na kusafishwa kwa spiriti baada ya hapo. Barafu isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi.

Nani adunge

Wengi wanaweza kujidunga wenyewe. Asiyeona vizuri, anayetetemeka mikono au anayeogopa sana anaweza kudungwa na mke, mume, mwana au ndugu anayekaa naye. Muhimu ni kwamba atakayedunga afundishwe kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kuonyeshwa tu hakutoshi. Mgonjwa au jamaa yake ana haki ya kumwomba muuguzi wa wodi amtazame akidunga mwenyewe angalau mara moja na kumrekebisha.

Walio mbali na hospitali, kama vile Tseikuru, Ikutha au Mtito Andei, wanashauriwa kuuliza kabla ya kuondoka ni zahanati gani iliyo karibu nao inayoweza kuwasaidia wakikwama. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza pia kumkumbusha mgonjwa saa zake, kumsindikiza kituoni na kutoa taarifa mapema akiona hali si nzuri.

Wajawazito na waliojifungua

Mama mjamzito mwenye hatari ya kuganda damu mara nyingi huandikiwa sindano hii badala ya vidonge vya wafarini, kwa sababu wafarini hupita kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto. Enoksaparini haipiti. Baada ya kujifungua, mama anayeitumia anaweza kunyonyesha.

Tumbo linapokua, ngozi hukaza na huwa vigumu kupata mkunjo. Mkunga anaweza kumwelekeza mama adunge ubavuni zaidi au upande wa nje wa paja. Sindano haifiki kwa mtoto, kwa kuwa hukomea kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Uchungu wa kuzaa ukianza, mama asidunge dozi inayofuata. Aende hospitalini mara moja na awaambie wahudumu ni saa ngapi alidungwa mara ya mwisho. Saa hiyo ndiyo itakayoamua kama anaweza kudungwa dawa ya ganzi mgongoni akihitaji upasuaji. Kwa kawaida husubiriwa angalau saa 12 baada ya dozi ndogo ya kinga, na saa 24 baada ya dozi kubwa ya matibabu. Kutoa jibu sahihi huokoa muda, na huweza kumwokoa na kutokwa damu karibu na uti wa mgongo.

Saa za kudunga

Wengine hudungwa mara moja kwa siku na wengine mara mbili, kulingana na ugonjwa, uzito wa mwili na hali ya figo. Anayedungwa mara mbili achague saa zinazoachana kwa saa 12, kwa mfano saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akisahau, adunge mara anapokumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, aache ile iliyopita. Kamwe asidunge dozi mbili kwa pamoja ili kufidia.

Joto, safari na uhifadhi

Enoksaparini huhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi joto 25, na haigandishwi. Katika maeneo ya joto kama Kibwezi, Mutomo na Kyuso, nyumba ya mabati hupata joto kali mchana. Pakiti iwekwe chini, karibu na sakafu, katika chumba chenye kivuli na hewa, mbali na jiko na dirisha la jua. Wakati wa safari isiachwe mbele ya dereva kwenye matatu wala ndani ya mfuko wa bodaboda unaopigwa na jua. Mgonjwa asafiri nayo ndani ya mkoba, katikati ya nguo. Pia iwe mbali na watoto.

Kabla ya kudunga, tazama dawa iliyo ndani ya bomba. Ikiwa imebadilika rangi isivyo kawaida, ina chembechembe, au bomba limepasuka, isitumike. Irudishwe kwenye duka la dawa la hospitali.

Sindano zilizotumika

Sindano iliyotumika inaweza kumwambukiza mwingine virusi vya Ukimwi au homa ya ini aina ya B. Isirudishiwe kifuniko kwa mkono, isitupwe chooni, shimoni wala kwenye takataka ambako watoto na mifugo hupita. Itumbukizwe mara moja ndani ya chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kama vile chupa tupu ya sabuni ya maji. Chupa ikijaa robo tatu, ifungwe na kupelekwa kwenye kituo cha afya, ambako sindano hukusanywa na kuteketezwa kwa njia salama.

Dawa nyingine, na kuumwa na nyoka

Maumivu ya mgongo au ya kichwa huwapeleka wengi dukani kununua aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo zikichanganywa na sindano hii huongeza hatari ya kutokwa damu, na zisitumiwe bila ruhusa ya daktari. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa wengi. Anayetumia mitishamba amweleze daktari bila kuona haya. Sindano za kawaida za makalioni au begani nazo zinaweza kusababisha damu kuvilia ndani ya msuli, kwa hiyo mhudumu aambiwe kabla ya kudunga.

Heparini nyingi, pamoja na enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa ambaye dini yake inamkataza nguruwe anaweza kuzungumza na daktari, kwani kuna dawa nyingine zinazoweza kufikiriwa. Asiache tu kimyakimya.

Kitui na Makueni ni maeneo ambako kuumwa na nyoka si jambo geni. Sumu ya baadhi ya nyoka, kama vile moma, huweza kuvuruga kuganda kwa damu. Mtu anayetumia dawa hii akiumwa, au akianguka na kugonga kichwa, au akipata ajali, jambo la kwanza kumwambia mhudumu ni kwamba yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda. Karatasi ndogo ndani ya pochi, yenye jina la dawa na kiwango chake, inaweza kumsemea asipoweza kusema mwenyewe.

Wakati wa kwenda hospitalini bila kungoja

Doa dogo lisiloongezeka halihitaji safari ya usiku. Dalili zifuatazo zinahitaji msaada wa haraka:

- Damu ya puani, ya ufizi au ya jeraha isiyokoma baada ya kubonyeza kwa dakika 10.
- Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kutapika damu.
- Damu nyingi ukeni kuliko kawaida, hasa baada ya kujifungua.
- Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, kuchanganyikiwa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.
- Mahali pa sindano panapovimba na kuendelea kukua, kuwa pagumu na pa moto, au kutoa usaha.
- Miguu kufa ganzi au kukosa nguvu baada ya kudungwa ganzi ya mgongoni.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuuma, au kukosa pumzi ghafla. Hizi zinaweza kuwa dalili za bonge la damu lenyewe.

Anayepata madoa makubwa kila mara hata baada ya kufuata hatua hizi asiache dawa. Aende na daftari lake kliniki, adunge mbele ya muuguzi, na waangalie pamoja ni hatua gani inayokosewa au kama kiwango cha dawa kinahitaji kupimwa upya. Uamuzi wa kusitisha dawa ni wa daktari baada ya kumwona mgonjwa. Majirani na ndugu wanaotaka kusaidia wanaweza kufanya jambo moja lenye manufaa zaidi kuliko kumtisha: kuketi naye saa ya sindano na kumhesabia taratibu hadi 30.